Sufuria ya pili

Leo nimemsindikiza jirani kupimwa presha pale hospitali ya Tawa, na mimi ndiye niliyepatikana nayo.

Kichwa hakiumi. Sikuwa nasikia chochote.

Nesi ameniambia nimeze dawa kila siku, hata nikijisikia mzima, na nipunguze chumvi.

Nikakumbuka baba, miaka ya tisini. Mama alimpikia isyo yake kando, mahindi na maharagwe bila chumvi, kwa sufuria ndogo. Sisi watoto tulimcheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuionja.

Jioni nimetoa sufuria mbili, yangu na ya wale wa chumvi.

Halafu nikasimama hapo jikoni. Mke wangu nilishamzika. Watoto wako Nairobi.

Nimerudisha moja.

Kuna mwingine anakula bila chumvi leo? Niandikie kabla sijapakua, tule pamoja.