Dada Alipopungua Mwendo

Katika miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, hapakuwa na msichana Tabora nzima aliyemshinda dada yangu mkubwa katika mbio za yadi mia. Tulikaa Chemchem. Baba alikuwa fundi cherehani, akifanyia kazi barazani mwa duka moja la nguo Kanyenye, na ndiye aliyemshonea dada kaptura ya kukimbilia, ya kaki, iliyofika magotini. Majirani waliponong'ona kwamba binti wa Kiislamu hakimbii mbele za wanaume, Baba aliwajibu kwamba kaptura ameishona yeye mwenyewe na anajua inaishia wapi. Maneno yakakoma, au walau hayakusemwa tena akiwa karibu.

Siku ya mashindano ya mkoa ilikuwa ya kiangazi. Upepo wa mashariki ulivuma tangu asubuhi, ukilipeleka vumbi kutoka mstari wa kuanzia hadi kwenye utepe. Hatukuwa na bastola ya kuanzishia. Mwalimu mmoja aligonganisha vibao viwili, na dada akatoka. Nilikuwa nimesimama karibu na utepe pamoja na Mama. Sikumbuki wale wengine walikuwa wapi. Nakumbuka tu kwamba alipopita mbele yetu alikuwa peke yake.

Wapima muda walitazamana, wakaonyeshana saa zao, kisha mkubwa wao akausoma muda kwa sauti. Watu wakamtaka arudie, akarudia. Mwalimu wa michezo, kijana aliyekuwa ametoka chuoni si zamani, alivua kofia akabaki ameishika. Alimwambia Baba kwamba hajapata kusikia msichana wa nchi hii akikimbia hivyo. Habari zikapelekwa Dar es Salaam, na baada ya muda dada akaitwa akashindanie nafasi katika timu ya taifa.

Mimi sikwenda, haya alinisimulia mwenyewe. Treni ilichelewa, na mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa yamejaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari aliketi juu ya mzigo wake. Alifika miguu imevimba. Hewa ya pwani ilikuwa nzito, nguo zikamganda mwilini, na usingizi haukumjia. Walimpa viatu vya njumu vya kuazima, vikubwa kuliko mguu wake, akavijaza pamba kwenye ncha. Yeye alizoea kukimbia pekupeku. Kisha upepo wa baharini ukampiga usoni kuanzia mwanzo wa mbio hadi mwisho. Alimaliza wa nne, na muda wake ukawa kama wa mtu mwingine kabisa. Bwana mmoja kati ya waliochagua timu aliutazama muda wa Tabora, akautazama na ule wa siku hiyo, akasema mbele ya wasichana wote, "Saa zenu za bara husinzia."

Alirudi nyumbani na maneno hayo. Mtaani kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema amelewa raha za mjini, wengine walisema amerogwa, na wapo waliosema muda wa kwanza ulikuwa wa uongo. Siku moja mwalimu alikuja kutusalimu. Walipomaliza shikamoo na marahaba, Baba akamwuliza, "Mwalimu, mwanangu aliyekwenda ndiye aliyerudi. Mwendo wake umebaki wapi?"

Mwalimu alikaa kitako akaeleza. Alisema upepo wa nyuma humsukuma mkimbiaji na wa mbele humzuia. Alisema Tabora iko juu, hewa yake ni nyepesi na haimzuii mkimbiaji sana, na kwamba mchanga, udongo mgumu na udongo wenye maji havirudishi mguu sawasawa. Alisema kidole cha anayebonyeza saa nacho ni kidole cha binadamu: mmoja hubonyeza anapoona mkono umeshuka, mwingine hungoja mpaka sauti imfikie kule mwisho, na huyu wa pili humzawadia mkimbiaji kitu kidogo bila kujua. Tena kuna usingizi, chakula, safari, wasiwasi, na siku za mwanamke. Hilo la mwisho alilisema akitazama chini.

Ili tusadiki, alimkimbiza dada kwenye uwanja uleule kwa siku mbalimbali, asubuhi na jioni, penye upepo na pasipo upepo. Kila siku muda ulikuwa mwingine.

"Sasa mimi ni yupi?" dada akamwuliza. "Yule wa Tabora au yule wa Dar es Salaam?"

"Wote wawili ni wewe," mwalimu akasema. "Hakuna mtu mwenye muda mmoja."

Nilimwona dada akicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna aliyemlaumu kwa muda mbaya. Jibu lilikuwapo sikuzote.

Alisomea ualimu, akapangiwa shule ya Lusu, kule Nzega, wakati watu wanahamia vijiji vya Ujamaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, nyingine bado hazijaezekwa, na asubuhi walimu na wanafunzi walilima pamba ya kijiji kabla ya masomo. Dada alipapenda. Wazee wa pale walimwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," naye akawaitikia kama aliyezaliwa palepale. Na kila mwaka aliendelea kukimbia katika mashindano ya walimu.

Hapo ndipo muda wake ulipoanza kupungua ubora. Mwaka wa kwanza tulisema ni kwa sababu yadi zimeondolewa, sasa watu wanakimbia mita mia, na mita mia ni ndefu kidogo. Ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata tulisema ni jembe la shamba la kijiji. Mara nyingine mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa tope. Hakuna hata moja katika hayo lililokuwa la kutunga. Kila sababu ilikuwapo, mtu aliweza kuigusa kwa mkono, na dada mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitaja.

Nilipata likizo nikaenda kumtembelea. Tulikwenda kisimani pamoja, na wakati wa kurudi alitua ndoo njiani, akaniambia nitazame jinsi pamba ilivyochanua. Nikaitazama. Mbele kidogo akatua tena, akanionyesha nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Nilidhani anajivunia kijiji chake. Chumbani kwake alikuwa amekusanya mito na nguo akavipanga ukutani, akilala ameegemea kama mtu aliyeketi. Nilipomwuliza, alisema joto la bati.

"Na mbio?" nikamwuliza.

"Mbio zipo," akasema. "Miaka hii upepo tu haunipendi."

Mashindano yake ya mwisho yalikuwa Tabora, kwenye uwanja wetu wa siku zote. Mwalimu wa michezo alikuja, sasa akiwa mtu mzima mwenye watoto. Baba alifunga kazi mapema. Upepo ulikuwa wa mashariki, mkali, na vumbi lilikimbia mbele ya wakimbiaji. Dada alikuwa amepumzika nyumbani wiki nzima, amekula chakula cha Mama, yu pekupeku kama alivyopenda. Alitoka vizuri. Katikati ya uwanja wenzake wakampita, mmoja baada ya mwingine, na akafika wa mwisho akitembea, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi.

Mwalimu hakuitazama saa. Alitazama vumbi, kisha akamtazama dada aliyekuwa amechuchumaa. Akainama karibu naye.

"Leo upepo ulikuwa wako," akamwambia kwa upole. "Kesho uende hospitali."

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele na mgongoni. Kisha akamwuliza Mama kama mtoto aliwahi kuugua homa utotoni, viungo vikavimba. Mama akasema ndiyo, alivimba magoti, wakamkanda kwa maji ya moto, akapona. Daktari akasema homa ile ilipona magotini lakini iliacha alama kwenye moyo. Mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na kila mwaka moyo umekuwa ukichoka zaidi. Aliandika dawa, akasema asilime wala asibebe maji. Baba aliuliza kama kuna fundi wa kuushona mlango huo. Daktari akajibu kwamba wapo, lakini ng'ambo.

Lusu walimwandalia nafasi ya kufundisha akiwa ameketi, na watoto wakamchotea maji. Aliifanya kazi hiyo kwa muda mfupi tu. Miguu ikavimba, akarudishwa nyumbani kwa lori la pamba, akafariki mchana mmoja Mama akiwa anamlisha uji. Tulimzika Tabora, jioni ileile.

Watu wa Lusu walifika siku ya arobaini, wamesimama ndani ya lori, Waislamu na Wakristo, na wengine wasio na dini hizo mbili. Baada ya dua mwalimu alimsogelea Baba pale mkekani.

"Mzee," akasema, "nilimpima miaka yote ile. Nilijua kila kitu kinachomchelewesha mtu. Nilijua mengi mno, nikaacha kuuliza."

Baba alimsogezea nafasi mkekani.

"Ulitufundisha kutomlaumu," akamjibu. "Alikufa hajalaumiwa na mtu. Hilo mimi nakushukuru."

Mwalimu alifunika uso kwa kofia, na Baba akamshika bega mpaka alipotulia.

Siku hizi nikisikia redioni kwamba mkimbiaji fulani mashuhuri ameshindwa na watu aliowashinda wiki iliyopita, na watangazaji wakataja upepo, baridi, uwanja na safari, huwa nakubaliana nao, kwa kuwa wanasema kweli. Ila hujikuta nimeuliza peke yangu jikoni kama mtoto huyo ni mzima.

Mwaka uliofuata msiba ule, mwalimu alipewa uhamisho kwenda mkoa mwingine. Alikuja Kanyenye kuaga, akaketi barazani na Baba, wakanywa kahawa. Walizungumza habari za mvua zilizochelewa na bei ya nyuzi, mpaka kahawa ikaisha.