Mama Amerudi Spånga

Binti yangu wa pili alizaliwa Stockholm katika miaka ya sabini, wakati wa baridi, na nilipomtazama tu usoni nikasema, "Mama amerudi." Sikunong'ona. Mama yangu alikuwa amefariki Kenya mimba yangu ikiwa kubwa, daktari akanikataza ndege, wakamzika bila mimi. Kwetu milimani binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, wa pili jina la bibi mzaa mama, na akishapewa ndiye yeye. Unamwita mama, na hata kumchapa unaona haya.

Mume wangu, Mtanzania wa Moshi na Mlutheri wa kuzaliwa, hakutaka kusikia.

"Mtu akifa amelala mpaka parapanda ilie," akasema. "Harudi kupitia hospitali ya wazazi."

"Wa kwanza tulimpa jina la mama yako. Mbona siku ile hukuhubiri?"

"Mama yangu yu hai. Ile ilikuwa heshima. Hii yako ni imani nyingine."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alikwishachagua jina la Biblia, na ubatizo ulikuwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Likishatajwa pale kanisani, basi, mama yangu angekuwa amezikwa mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yangu. Nilikasirika nikamlisha viazi vikavu bila mchuzi. Akavila, akashukuru, jambo lililonikera zaidi.

Jumamosi nikaita watu wa kunisaidia. Wa kwanza alikuwa shoga yangu wa Tanga, Mwislamu, aliyetoka Fisksätra kwa treni mbili na vitumbua vyake vikiwa bado vuguvugu ndani ya kanga. Wa pili alikuwa jirani wa chini, Mswidi aliyejifunza yoga na kuacha nyama. Nilihesabu kura zangu kabla ya kumimina chai, na nilihesabu vibaya.

"Shoga, usinikasirikie," rafiki yangu akaanza. "Aliyekufa yuko barzakhi anangoja kiama. Harudi. Hapo shemeji na mimi tuko pamoja."

Mume wangu akachukua kitumbua cha pili.

Jirani ndiye aliyesema kwamba roho hurudi, tena akasema kwa furaha, kwa Kiswidi cha polepole ili nisipitwe na neno. Hurudi popote, alisema. Kwa Mswidi, kwa Mchina, hata kwa mnyama. Ndiyo maana hali nyama, kwani hajui ng'ombe yule alikuwa nani.

Mama yangu, aliyejua njia ya kila nyumba ya ukoo wetu gizani, apotee mpaka kwenye zizi la watu asiowajua! Nikamwambia jirani kwamba kwetu mtu harudi ovyo ovyo, hurudi kwao. Akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa. Kwa hiyo walikuwa watatu, kila mmoja na ahera yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wangu.

Hapo mtoto akalia chumbani. Mume wangu, aliyekuwa karibu na mlango, akaenda kumchukua, akarudi anamtikisa begani.

"Basi mama, basi. Nyamaza mama yangu, nyamaza."

Rafiki yangu akaweka kikombe chini. "Shemeji, umemwita nani?"

"Nambembeleza tu. Kila mtu humwita mtoto wa kike mama."

"Kwa nini?"

Akamhamishia mtoto bega la pili. Nami nikaona kweli: nchi nzima ya kwao, Wakristo kwa Waislamu, wanawabembeleza watoto wachanga kwa kuwaita mama na baba, na hakuna aliyewahi kuwaita wapagani.

"Ulimi hauna mfupa," rafiki yangu akasema. "Mimi dini yangu siiachi, harudi mtu. Lakini kwetu anayeitwa jina lako ni somo yako. Mtoto na awe somo ya bibi yake. Mengine mwachieni Mungu."

Nilipomtafsiria jirani, akapiga makofi, akidhani ni imani yake iliyoshinda. Nikamwacha na furaha yake. Mume wangu akamrudisha mtoto chumbani kumlaza.

Jumapili, kanisani Spånga, kitongoji chetu pale Stockholm, yeye ndiye aliyembeba mtoto. Kasisi akauliza mtoto anaitwa nani. Mume wangu akakohoa, kisha akalitamka jina la mama yangu lote, kwa lafudhi ya kwetu milimani, lafudhi ile ile aliyokuwa akinicheka kwayo tangu tuoane. Kasisi akalirudia kwa shida huku akimmwagia mtoto maji, akalivunja mara mbili, lakini akalimaliza.

Kutoka benchi la nyuma vikapaa vigelegele. Alikuwa shoga yangu wa Tanga, Mwislamu ndani ya kanisa la Waswidi, amesimama na koti lake la baridi. Kasisi karibu aangushe kitabu. Nami nikajibu kwa vigelegele vyangu, machozi yananitiririka, sijali nani ananitazama.

Mume wangu akanigeukia, mtoto mikononi, maji bado yanamdondoka kichwani.

"Haya," akasema, "mpokee mama yako."