Mlinzi wa Usipa

Anayetaka kusema baba mdogo Hamphrey amepotea, asiniambie mimi. Kijiji chetu kizima cha Ngumbo kinajua haamini kuwa Mungu yupo, lakini Jumapili tukienda kanisani tunamwachia yeye usipa wetu, dagaa wa ziwa letu, tuliouanika kwenye vichanja. Mvua ikitishia, anaukusanya wa watu wote, wake mwisho.

Tukitoka, katekista Cuthbert, shemeji yake, humfuata hapo hapo ufukweni.

"Tumekuombea jua, shemeji."

"Na mimi nimefukuza kunguru. Nani kafanya kazi?"

Watabishana hadi ugali uive, kisha wale sahani moja.

Mwezi uliopita baba mdogo alilala na homa. Jumapili kengele ililia, Cuthbert haonekani. Tulipotoka tukamkuta kwenye vichanja, kanzu imelowa chapachapa, usipa wote mkavu chini ya turubai.

Tulipoenda naye kumwambia baba mdogo, aliinuka kitandani kwa hasira.

"Umeacha ibada? Mungu wako utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilikushikia zamu, shemeji."

Baba mdogo alijilaza tena.

"Basi ukimwambia," akasema, "mwambie asante."

Cuthbert, ambaye haachi hoja ipite, hiyo aliiacha.