Mkono wa kamba kwenye nywele za Zena

Jumanne ya Aprili 23, 2024, mchana, mwenye duka la vitambaa Kariakoo alimwambia Nasma afunge aende nyumbani, maji yameshaingia mtaani. Nasma akavua viatu, akavishika mkononi, akakunja baibui, akapita njia anayopita kila siku.

Mtaro wa njia ile haukuwa na mfuniko. Siku ya jua kila mtu analiona shimo, analiruka. Siku ile barabara nzima ilikuwa rangi moja, kama chai ya maziwa.

"Vilionekana viatu," anasema mumewe, Hashimu Rajabu. "Vinaelea viwili, vimeongozana, utasema vinatembea vyenyewe."

Nasma alipatikana kesho yake bondeni Jangwani, mtaro unakomwagia. Chumba chao nacho kilikuwa hukohuko bondeni, kimejaa maji mpaka dirishani. Siku moja ilimchukua mke, ikachukua na nyumba. Binti yao Zena, miaka mitano wakati huo, alikuwa kwa jirani anachezea vifuniko vya soda.

Leo Zena ana miaka saba, yuko darasa la kwanza, na asubuhi hii amekaa sakafuni katikati ya magoti ya baba yake, ghorofa ya tatu, Mchafukoge. Dirishani pana kanga ya marehemu, ndiyo pazia. Upepo ukiingia, kanga inajaa kama kuna mtu nyuma yake, halafu inashuka taratibu. Chini, milango ya maduka inaanza kupandishwa mmoja mmoja.

Hashimu anachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, anapitisha kitana, anagawa nywele. Ni msukuma mkokoteni. Kutwa nzima anabeba majora ya vitambaa na marobota ya mitumba, na vidole vyake vimekomaa kwa kamba.

"Nilichagua juu makusudi," anasema juu ya chumba hiki. "Maji yakitaka kunifuata tena, yapande ngazi."

Kukipata kulimchukua muda. Baada ya msiba Hashimu aliacha kazi. Mkokoteni ulikuwa wa kukodi, mwenye nao akauchukua. Akawa analala kwenye vibaraza vya maduka, anaota ndoto moja: mkokoteni wake unaelea, majora yanafunguka juu ya maji, nyekundu, bluu, kijani, mpaka mji wote umetandikwa kitambaa.

"Ilikuwa ndoto nzuri," anasema. "Ubaya wake ni kuamka."

Wakati huo Zena alichukuliwa na dada mkubwa wa Nasma, Bi Fatuma wa Kilwa Masoko. Hakuna aliyemlaumu. Mwanamume asiye na pa kulala atamlea mtoto wa kike wapi?

Alirudi kwenye kazi polepole. Siku nzuri anapata elfu kumi na tano, siku mbaya anarudi na kamba zake tu. Alipopata chumba, Bi Fatuma alimleta mtoto aanze shule Januari, ila kwa majaribio. Angekuja baada ya Idi kuangalia.

"Aliniambia, shemeji, mimi sitaangalia kabati wala godoro. Nitaangalia kichwa cha mtoto."

Kunyoa kungekuwa rahisi. Zena alikataa. Alisema akinyolewa, mama yake akitoka hatamjua.

Hapo ndipo Hashimu alipojaribu mwenyewe. Alisuka kama anavyofunga mzigo: akapiga goti, akaegemea nyuma, akavuta mpaka pamekaza, akamalizia kila msuko kwa fundo la mkokoteni, lile lisilofunguka hata ukipita kwenye mashimo. Mtoto alikwenda shule nyusi zimepanda juu, uso wa mtu aliyeshtuka, na alirudi nao hivyo hivyo.

Hyasinta, msusi mwenye kigoda chake kwenye kibaraza cha jengo, mwenyeji wa Rombo, aliwaona wakipita akaangusha kitana.

"Baba Zena! Huyu ni mtoto au robota?"

"Nimekaza zisifumuke, dada."

"Zisifumuke, kwani zinapanda lori la Tunduma? Njoo hapa. Zena, mwanangu, unaweza kufumba macho?"

"Nusu," alijibu Zena.

Mafundo yale ilibidi yakatwe kwa mkasi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili jioni Hashimu alikaa kwenye kibaraza cha Hyasinta akijifunza twende kilioni, ule msuko wa kurudi nyuma ambao shule inauruhusu. Wasukuma mkokoteni wenzake walipata pa kuchekea.

"Mambo, mama Zena!"

"Poa. Kaa chini na wewe nikusuke, kipara hicho."

Hyasinta anasema shida ya mwanafunzi wake haikuwa vidole. "Alikuwa anashika nywele kama zitamkimbia. Nikamwambia, Baba Zena, legeza, haziendi popote. Nikaona machozi. Na mimi nikajifanya natafuta kitana."

Msuko umekwisha. Zena anavaa sketi ya shule, wanashuka ngazi, wanashikana mikono. Njia ya shule ni moja, na shimo lipo palepale.

Ndiyo, lipo. Wauza maji wamechomeka tairi na tawi la mwarobaini, wapita njia waone. Hashimu amekwenda ofisi moja akaambiwa mtaro ni wa watu wa barabara. Akaenda kwa watu wa barabara, akaambiwa mtaro ni wa ile ofisi aliyotoka. Alipojitolea kuchonga mfuniko wa chuma kwa jasho lake, aliambiwa kugusa mtaro bila kibali ni kosa. Mtaro kumuua mke wa mtu si kosa, kuufunika ndiko kosa.

Mwaka jana ulipotarajiwa msafara wa mkubwa mmoja, kingo za barabara zilipakwa chokaa usiku kucha. Walipaka mpaka mdomoni mwa shimo, wakaruka, wakaendelea upande wa pili. Mkubwa akapita, vioo vimepandishwa.

Zena anafika kwenye tairi, anauachia mkono wa baba, anainama.

"Shikamoo, mama."

Anasubiri. Mwenye pikipiki anasubiri naye, hata honi hapigi. Huko chini maji yanapita yakinong'ona. Zena anainuka.

"Kaitikia," anasema.

Kwa hesabu ya Zena, mama yake hakufa. Aliingia chini ya barabara, na anatembea huko chini kwa chini, anapita chini ya maduka, chini ya msikiti, chini ya Upanga, viatu mkononi, anatafuta pa kutokea.

"Mimi sisikii kitu," anasema Hashimu. "Yeye anasikia. Nimkatalie mimi nani?"

Bi Fatuma alikuja kweli, wiki moja baada ya Idi, na kapu la korosho. Hyasinta alikuwepo na ndiye anayesimulia vizuri. Mgeni hakunywa hata maji. Alimweka mtoto mbele yake, akapitisha kidole kwenye kila mstari wa kichwa.

"Nani kasuka?"

"Mimi, dada," alijibu Hashimu.

"Muongo. Kasuka huyu," akamnyooshea Hyasinta kidole.

"Mimi? Bibi, mimi ningenyoosha!"

Bi Fatuma akafumua misuko miwili, akampa Hashimu kitana. Akasuka, jasho linamtoka kuliko siku ya kupandisha marobota. Alipomaliza, shemeji yake aliukazia macho mstari wa nyuma ya sikio, ulikopinda.

"Hapa umepindisha."

"Najua."

"Nasma naye alikuwa anapindisha hapahapa," akasema Bi Fatuma, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kichwa kilipita. Lakini kesho yake aliwasindikiza shuleni, akaliona shimo kwa mara ya kwanza. Alisimama kando ya tairi mpaka kengele ikalia.

"Shemeji, mtoto umemlea. Sina neno," alimwambia Hashimu. "Ila siwezi kumzika mdogo wangu na mwanawe kwenye shimo moja. Nitakuja Desemba. Nikikuta limefunikwa, mtoto wako. Nikilikuta wazi, naondoka naye Kilwa."

Kwa hiyo Hashimu ana mpango. Kila Jumatatu, kabla ya mzigo wa kwanza, anausimamisha mkokoteni mtupu mbele ya ofisi ile ya kwanza, anaingia, anasalimia, anauliza mfuniko. Jumatatu inayofuata anauliza kwa watu wa barabara. Ataendelea hivyo mpaka Desemba. Anasema walinzi wameshamzoea, mmoja humwekea kiti.

Zena alimsikia akiyasimulia hayo kwa Hyasinta, Jumapili iliyopita, kwenye kibaraza. Alikuwa anasukwa, kichwa kimeinama.

"Baba."

"Naam, mama."

"Wakilifunika, mimi si nitabaki na wewe?"

"Utabaki na mimi."

Kitana kikapita.

"Sasa mama atatokea wapi?"

Hyasinta aliangalia barabarani. Mikono ya Hashimu ikasimama kwenye nywele, kisha ikaulegeza msuko, ikaanza upya.