Usirudi Mwaloni Peke Yako

Iko siku moja, mjukuu wangu Kabula, sijaisahau hadi leo. Nilikuwa msichana, tumeshuka ziwani na shangazi yangu Milembe na jirani mmoja kuchota maji. Mamba walikuwa wengi, kwa hiyo kuchota kulikuwa na utaratibu: mmoja anachota, mmoja anaangalia matete, mmoja anaangalia maji ya mbali. Mimi nilipewa matete. Nikachoka. Nikasema, "Shangazi, mmoja anafanya kazi, wawili tumesimama kama nguzo za simu. Kila mtu achote yake, tukapike."

"Angalia matete," akasema.

Nikainama na ndoo yangu. Nilichosikia ni shangazi kunivuta kanga kwa nyuma, nikaangukia makalio mchangani, na pale nilipokuwa nimeinama maji yakapasuka. Ndoo ikaenda. Shangazi akanizaba kofi, halafu akanikumbatia.

"Mamba hapigi hodi," akasema. "Kuchota hata mtoto anaweza. Anayekusimamia ndiye anayekurudisha kwa mama yako."

Sasa wewe. Soko zima la Mkuyuni linajua mjukuu wangu anasomea mazingira, shahada ya pili. Nimewachosha, wakiniona wanainamia dagaa zao. Mimi niliishia darasa la nne, ila uliponieleza masomo yenu nilielewa: wewe wa maji, mwenzako wa sheria, mwingine wa afya, na yule kijana wa kuzungumza na watu, mmewekwa kundi moja mlichunguze ziwa pamoja. Nikasema hapo walimu wenu wamefanya la maana. Wewe ukabetua mdomo. "Bibi, hao wananichelewesha tu. Maji yangu napima mwenyewe."

Jumapili ukaenda peke yako kwenye ule mwalo wa wavuvi wanaoua samaki kwa sumu. Wanaume wakakunyang'anya chupa zako za kupimia maji, wakakuambia ukirudi utaona. Ukanisimulia unacheka. Na Alhamisi unataka kurudi, peke yako tena.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, kwa hiyo nasema. Wale hawamwoni mwanafunzi, wanaona mtu wa doria aliyekuja kuwakamata. Yule kijana atangulie kuwaamkia wazee na kukaa na akina mama wanaoanika dagaa. Wa sheria apite kwa mwenyekiti wa mwalo. Wa afya aulizie watoto wanaoharisha. Ndipo na wewe uiname uchote. Tena umeniambia mwenyewe, utafiti ni kurudi maji yale yale, miaka na miaka. Ukifukuzwa leo, hiyo kazi utaifanyia wapi, kwenye beseni? Hao unaowaona mzigo ndio utakaozeeka nao kazini. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi usiende Alhamisi. Ngoja wenzako wawe tayari, hata kama ni mwezi mzima, hata kama mwalimu atanuna. Wakikuambia wameona hatari usiyoiona, wasikilize. Na wewe waonyeshe unachokijua, usiwafiche. Ukikataa nitakasirika, mwanangu, na hasira yangu unaijua. Lakini ukifa, nitamkasirikia nani?

Mungu akutangulie kila unapokanyaga. Akupe wenzako wasiokukimbia. Akuzeeshe, mvi zikujae kichwani, wadogo wakuamkie kwa jina la kazi yako. Na siku ikifika uje unizike wewe, mimi nisikuzike.