Juu ya Paa la Jiko la Mama

Niliondoka Tunduma kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Tabita, mdogo wangu aliyeolewa kijiji jirani na kwa mama huko Itaka, alinitumia salamu kwa dereva wa lori: paa la jiko la mama limetoboka, mvua inaingia hadi mafigani, na baba mdogo amewakataza vijana wote wa ukoo kuliezeka.

Utauliza, jiko tu ndilo la kukupandisha presha? Ndiyo, jiko. Kwa wazee wa ukoo wetu, mwanamke mwenye jiko lake ana mji wake. Siku akihamia kupika kwenye jiko la mwingine, amekuwa mtu wa mji ule, na shamba lake linamfuata. Baba alipofariki alimwachia mama shamba zuri la kahawa na mabinti wawili, basi. Wa kiume hakuna. Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupita nyumba hadi nyumba, na ghafla baba mdogo akagundua kwamba shemeji yake ni mjane anayehitaji kutunzwa. "Jiko likianguka utakuja kupika kwangu," alimwambia. Kisha akakaa kusubiri mvua imfanyie kazi. Hivi kweli!

Mume wangu alisema, "Kamlete mama hapa, chumba kipo." Nikaona sawa. Nikafunga meza yangu ya vitenge, nikachukua begi kubwa, nikaenda barabarani.

Asubuhi hiyo Tunduma ilikuwa tope tupu, malori yamejipanga kungoja kuvuka mpaka, madereva wamejifungia ndani na vioo vina ukungu. Nilipata gari hadi Mlowo bila shida. Shida ilianzia pale. Pikapu ya kwenda Itaka ilikuwa imebeba mifuko ya mbolea, na abiria tulikaa juu ya mifuko chini ya turubai. Kufika kwenye mteremko wa kwanza, ikazama. Tukashuka, tukasukuma, ikatoka. Mteremko wa pili ikazama zaidi, na dereva akazima injini akawasha sigara. Nilivua viatu, nikapandisha kitenge, nikaenda kwa miguu.

Jioni nilifika Itaka. Mama alikuwa jikoni anasonga ugali, na juu ya mafiga amefunga mwavuli kwenye nguzo. Mwavuli, jamani! Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kunichukua?"

"Nani kakwambia?"

"Begi kubwa namna hiyo na halina kitu. Kaa ule kwanza."

Siku zilizofuata mvua haikutupa nafasi ya kutoka. Tabita alikuja na watoto wake, na nyumba ya mama, ile ya bati, ikajaa kelele. Tulichambua maharage, tukachoma mahindi mabichi, watoto wakaoga kwenye maji ya michirizi mpaka meno yakagongana. Mama alinicheka kwa Kinyiha changu kilichochakaa, akasema naongea kama mnunuzi wa kahawa. Nilikuwa na raha ambayo sikuijua kwa miaka. Lakini kila alipotoka kwenda jikoni kupika, nilimwona anasimama kidogo mlangoni, anatazama juu.

Katikati ya wiki, asubuhi, upande mmoja wa paa ulilegea na fungu la nyasi zilizooza likadondokea kwenye chungu cha maharage. Mama alilitoa kwa mwiko, akalitupa nje.

"Nyasi ninazo," alisema. "Nilizikata mwenyewe kiangazi, ziko kavu bandani. Ninachokosa ni mtu wa kupanda."

"Nitapanda mimi," nikasema.

Tabita aliacha kuchochea moto. "Dada, una akili kweli? Mwanamke hapandi paa."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Hao watu wote wako wapi wakati mama anapikia chini ya mwavuli?"

Nilivaa suruali ya marehemu baba, nikaikaza kiunoni kwa kamba. Tabita akasema majirani watasema mama amezaa mwanaume.

"Waache waseme," mama akadakia. "Si ndiye waliyekuwa wanamtaka?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha nikapanda.

Sasa, mimi nimezoea bati. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tobo, kule juu kabisa, nikaanza kupanga nyasi kuanzia kileleni kushuka. Mvua ilipopiga, maji yote yakapita chini ya nyasi zangu mpya yakamwagikia ndani kuliko mwanzo. Mama akapiga kelele kutoka chini, "We Neema! Anzia chini kwenye ukingo, kisha upande nazo! Maji yatateleza vipi?" Sisi wanawake tumerusha matita ya nyasi kwa waezekaji tangu utoto, lakini hakuna aliyewahi kutuambia tuangalie paa linaanzia wapi. Mama peke yake alikuwa ameangalia. Nikabomoa, nikaanza upya.

Mchana baba mdogo akaja, buti miguuni, mwavuli mkononi. Majirani walikuwa wameshajaa uani wakijifanya wanapita.

"Neema! Shuka!" alifoka. "Unataka kuuletea ukoo laana?"

"Shikamoo baba mdogo. Unisamehe, leo magoti nimeyapigia huku huku juu."

Watu wakaangua kicheko. Yeye akavimba. Akamgeukia mama: "Shemeji, mwambie mtoto wako ashuke, au mimi na wewe tusijuane."

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Kilichobaki kilikuwa kilele, na kukifunga kulinishinda. Mama alichukua tita la mwisho, akaliweka begani, akakanyaga ngazi. Mama yangu, mwenye wajukuu, mwenye goti bovu! Alipofika katikati, mguu wa ngazi ukateleza kwenye tope na ngazi yote ikaenda upande. Tabita alipiga yowe.

Aliyeidaka ni baba mdogo. Alitupa mwavuli, akaikumbatia ile ngazi kwa mikono miwili.

Mama alitulia, akamtazama kutoka juu. "Asante, shemeji. Shika hapo hapo, usiachie."

Angefanya nini, na kijiji chote kinatazama? Aliishika. Mama alikaa juu akifunga kilele taratibu, fundo baada ya fundo, na nadhani mafundo mengine hayakuwa na haja. Mvua ilimnyeshea baba mdogo kuanzia kofia hadi ndani ya buti. Aliposhuka, mama aliingia jikoni, akachochea moto, akampelekea yeye sahani ya kwanza ya ugali na maharage. Alikula amesimama. Hakuna tone lililodondoka mafigani, na kila mtu aliliona hilo.

Mwisho wa wiki mvua ilipumzika, na mimi nikafunga safari. Nilimtajia mama kile chumba, kwa sauti ndogo.

"Nitakuja kutembea," alisema. "Nitakula, nitalala, na nitarudi."

Njiani nilikuwa na muda wa kufikiri. Niliondoka nyumbani nikijiona mkombozi. Kumbe mimi na baba mdogo tulikuwa tunamvuta mama upande mmoja: yeye amtoe kwa ubaya, mimi nimtoe kwa huruma, na shamba libaki bila mwenyewe. Nilijifunza hilo nikiwa na vipande vya nyasi kwenye nywele, na sitaki mtu anifundishe tena.

Tunduma, mume wangu alinipokea mlangoni. Akatazama nyuma yangu barabarani, akatazama begi.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwake," nikasema.