Swali Langu kwa Kamanda

Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa na swali mdomoni. Hakuwa akinisifu. Kwetu Handeni, enzi zile, binti wa maswali mengi alihesabiwa kuwa atazeekea jikoni kwa mama yake. Lakini mume nilimpata, tena nilimpata kwa kuuliza.

Ilikuwa kwenye lambo, mwaka wa pili tangu tuhamishiwe katika kijiji cha ujamaa. Nyuma ya kilima serikali ilikuwa imewaweka wageni, vijana waliokimbia kwao Uganda baada ya jeshi kuipindua serikali yao. Tuliambiwa ni wakulima. Kweli walilima, na mahindi yao yalishinda yetu, jambo ambalo wazee wetu hawakupenda kulizungumza. Ila alfajiri tuliwasikia wakikimbia na kuimba kwa mpigo mmoja, na mimi sijapata kumwona mkulima anayekwenda shamba hivyo. Katibu wa kijiji alituonya tusiwachunguze. Kuniambia mimi nisiulize ni sawa na kumwambia kuku asichakure.

Siku hiyo mmoja wao alikuja lamboni na debe. Alikuwa mrefu, mweusi, mwenye paji pana la uso, na viatu vyake vya jeshi alikuwa amevivua kabla ya kukanyaga tope. Nikamwuliza mbele ya wanawake wenzangu, "Mwanamume mzima unachota maji, mkeo kafanya nini?"

"Mke iko mbali sana," akanijibu kwa Kiswahili chao cha kambini, "na mimi iko na kiu."

Wanawake walicheka hadi wengine wakashusha ndoo. Nilicheka nao, kisha nikamsaidia kuinua debe begani. Tangu hapo zamu yake ya maji ikawa inaangukia siku zangu, sijui kwa bahati gani.

Alipokuja kuposa, baba alimweka kitako kwenye mkeka akamhoji kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Kusilimu alikubali, na mwenzake mmoja wa kambini akasimama kama ndugu yake. Kuhusu mke hakuficha neno. Alisema alimwacha siku aliyokimbia, askari wakiwa tayari wamefika kijiji cha jirani, na tangu siku hiyo hajui kama yu hai.

"Dini inakuruhusu," baba akasema. "Lakini siku ukimpata huyo wa kwanza, huyu wangu utamfanyaje?"

"Sijui, baba."

Baba aliinuka akaenda kuswali adhuhuri. Baadaye alimwambia mama kwamba mchumba mwongo angekuwa na jibu. Hivyo ndivyo nilivyoolewa, kwa neno "sijui", na nilikwenda macho yangu yakiwa wazi. Sisemi kwamba nilidanganywa. Nilimpenda, basi.

Kwa desturi yetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Mama aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Akimwona mume wangu anakuja, huacha njia akajificha kwenye mahindi. Siku moja aliingia kwenye upupu, akajikuna siku mbili na hakutaka mtu amcheke. Jina la mume wangu hakulitaja hata mara moja. Lakini kila tukivuna alinipa kikapu cha kunde zake nzuri, akaniambia, "Kampe yule mtu wako ale, amekonda."

Vita na jeshi la Uganda vilipoanza, malori yaliwachukua vijana wetu wa mgambo kwanza. Baada ya wiki chache yakaja malori ya wageni. Yalifika mchana, tukiwa tunapalilia, mtoto wetu amelala kwenye kivuli cha mbaazi. Mume wangu alinawa mikono, akamtazama mtoto, akaenda kuchukua viatu vyake.

"Utarudi?" nikamwuliza.

"Nikiwa hai, utasikia," akasema.

Sikuuliza tena. Labda ndiyo mara pekee maishani mwangu nilipoogopa jibu.

Ikapita miezi. Redioni tulisikia sifa za majeshi yetu na za ndugu zetu wapiganaji wa Uganda, na wanawake walikuja kunipa hongera kana kwamba nimejifungua. "Mumeo kasifiwa redioni!" Nilishukuru, lakini moyoni nilikasirika. Redio ilikuwa inasifu maelfu kwa pumzi moja, na mimi nilikuwa na mmoja tu. Barua haikuja. Nilikwenda Korogwe posta mara tatu, mara mbili kwa lori na mara moja kwa miguu mpaka nilipopata wa kunibeba, na mara zote karani alitikisa kichwa hata kabla sijafika dirishani.

Kisha vijana wa mgambo wakaanza kurudi. Mmoja wao, jirani yetu, aliniambia kulikuwa na mapigano makubwa kwenye kinamasi, barabara moja nyembamba katikati ya maji na mafunjo, na kwamba wenzetu wa Uganda ndio waliotangulia. "Wengi walibaki majini, dada," akasema, kisha akajuta kusema, akaanza kunieleza habari za baridi ya huko. Kuanzia siku hiyo nililima, nilipika, niliitikia salamu, na muda wote nilikuwa namtafuta mtu mmoja ndani ya maji ambayo sijawahi kuyaona.

Ndipo katibu akatangaza kwamba kamanda mmoja aliyeongoza mapigano yale atapita Korogwe akielekea Tanga, na kwamba angependa kuwashukuru watu waliowapokea wageni. Kijiji chetu kikapewa lori. Tulipanda kama arobaini, mimi na mama na mtoto mbele karibu na dereva, vumbi likituingia mpaka kwenye meno. Tulipovuka daraja la Mto Pangani, mama alinishika goti. "Leo funga mdomo," akasema. "Kule kuna wakubwa." Nikamwitikia vizuri, maana nilikuwa na nia hiyo kweli.

Uwanja wa mpira ulikuwa umejaa. Wafanyakazi wa mkonge wa Ngombezi walikuwa wameletwa kwa trela, bado wana nyuzi nyeupe za katani kwenye nywele. Watoto wa shule waliimba. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu mkubwa mwenye sauti ya radi, lakini aliyesimama alikuwa mfupi, ana sauti ya chini, na mara mbili aliomba radhi kwa kukohoa. Alizungumza kama mtu anayemweleza jirani yake amepanda nini na wapi.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimesikia nyimbo za kunisifu. Nashukuru. Lakini siku ile kwenye kinamasi sisi tulikuwa tumekwama. Magari hayapiti, adui yuko mbele, na maji kila upande. Ninyi mnawajua waliotukwamua, maana mlikula nao mahindi."

Watu wakapiga makofi. Akangoja.

"Wale vijana hawakuwa wengi, na silaha zao hazikuwa nzuri kama zetu. Sikuwapa amri ya kuingia majini, waliomba wenyewe. Mmoja wao, mrefu, alivua viatu, akavifunga kamba, akavining'iniza shingoni. Akaingia. Alikuwa akipapasa kwa nyayo, hatua kwa hatua, akitafuta ardhi ngumu, na kila alipoipata alifunga kitambaa kwenye mafunjo. Risasi zinapita juu yake, yeye anafunga kitambaa. Kikosi kizima kilipita alipokanyaga yeye. Mimi mwenyewe nilipita hapo."

Uwanja ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Mama, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameiona zaidi miguu ya mkwe wake kuliko uso wake, alinikamata mkono. Sisi wa kijiji tuligeukiana. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Kila msimu wa mvua tulikuwa tumemwona akija na viatu vile vinadunda kifuani, na watoto walimwimbia kwa ajili hiyo.

Kamanda akahamia habari nyingine. Akawasifu wabeba mizigo, akawasifu wanawake wa vijiji vya mpakani. Nilikuwa sisikii. Alikuwa amemwingiza mume wangu majini, akavusha kikosi, akajivusha mwenyewe, na yule mtu wangu akamwacha hapohapo, maji kifuani. Sifa nzuri hivyo husemwa sana juu ya marehemu. Nililijua hilo, na kila mtu mzima pale uwanjani alilijua.

Mwisho mwenyekiti wa mkutano aliuliza kama kuna mwenye swali. Nyote mnajua maana ya maneno hayo. Husimama mzee mmoja aliyechaguliwa tangu jana, hushukuru kuanzia juu mpaka chini, kisha huuliza kitu ambacho jibu lake ni makofi. Mzee huyo alikuwa tayari ameshika fimbo yake ainuke. Mama alinifinya paja. Nikasimama na mtoto mgongoni.

"Ndugu Kamanda," nikasema bila shukrani yoyote, "yule aliyevua viatu, alitoka?"

Mwenyekiti akanikunjia uso. Kamanda akasogea mbele kidogo, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua.

"Kutoka majini?"

"Ndiyo. Alitoka?"

"Alitoka, mama. Alitoka na homa ya siku tano, lakini alitoka."

Nikakaa. Sikulia. Nilicheka, kicheko kidogo cha kijinga, na mama akanipigapiga bega kama mtu aliyepaliwa. Kwa muda huo mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi ya mwanangu. Ningekuwa na akili ningeziba masikio hapo.

Lakini kamanda alikuwa amefurahia swali langu. Akaona amepata njia nzuri ya kumalizia hotuba.

"Na nitawaambia zaidi," akasema. "Tulipofika kwao, kaskazini kabisa, alinionyesha kijiji chake. Nikampa ruhusa, na nikaenda naye. Mke wake alikuwepo. Miaka minane, ndugu zangu! Wamemchomea nyumba mara mbili, naye mara mbili amejenga palepale, ili mumewe akirudi asipotee. Alipomwona, yule mama hakupiga kelele. Alichota maji akamnawisha miguu. Pale ndipo nilipojua tulikuwa tunapigania nini."

Sijapata kusikia makofi kama yale. Wale wa Ngombezi walirusha kofia. Wanawake wa Korogwe walipiga vigelegele huku wakifuta machozi kwa ncha za kanga. Katikati ya kelele hizo tulikaa sisi wa lori moja, watu arobaini, mikono mapajani. Katibu wetu alikuwa anatazama chini kati ya viatu vyake. Mama alijifunika uso.

Nilihisi wivu, sitaficha, wivu wa kuunguza. Halafu nikamfikiria yule mwanamke akijenga kwa mara ya pili. Mimi nilikuwa nimengoja miezi kadhaa na nikadhani najua kungoja. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kushika. Kamanda hakuwa amesema hata neno moja la uongo, na mume wangu naye hakuwahi kunidanganya. Nikainua mikono nikapiga makofi. Jirani yangu akanitazama, akapiga na yeye, na taratibu wenzangu wote wakafuata, isipokuwa mama.

Mkutano ulipokwisha kamanda alishuka kusalimiana na watu. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye uliyeuliza. Ulikuwa unamfahamu?"

"Tulilima pamoja," nikasema.

Nyuma yangu watu arobaini walilisikia jibu hilo, na hakuna aliyefungua kinywa. Watu wa kijiji chetu ni wambeya, wataniwia radhi, lakini siku ile walinisitiri wote kwa pamoja. Mpaka leo sijawalipa.

Kamanda akatabasamu, akanyoosha mkono kumshika mtoto shavu. "Na kijana huyu?"

"Wangu."

Mtoto alikuwa amechungulia juu ya bega langu, na lile paji pana la uso wake lilikuwa kwenye jua. Mkono wa kamanda ukabaki hewani. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akamtazama mtoto tena, na nikaona uso wake unaelewa kidogo kidogo. Msaidizi wake alimkumbusha kwamba magari yanangoja. Akamwashiria kwa mkono asubiri.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini zaidi, "narudi kule mwezi ujao. Nikamwambie nini?"

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa nayo tangu ile siku ya palizi, mengine nilikuwa nimeyapanga njia nzima ya kwenda posta.

"Mwambie tulimpigia makofi," nikasema.